Ajali Haina Kinga? Usalama wa Barabarani Katika Uwanda wa Makonde na Wajibu wa Dhamiri ya Mkristo



Kila mwaka, Jumapili ya tatu ya mwezi Novemba, mataifa huadhimisha Siku ya Kuwakumbuka Waathirika wa Ajali za Barabarani, siku iliyopitishwa rasmi na Umoja wa Mataifa mwaka 2005. Kwetu sisi Wakatoliki, siku hiyo huangukia ndani ya mwezi ambao Mama Kanisa ameutenga kwa ajili ya kuwaombea marehemu wote. Na kwetu sisi tunaoishi juu na chini ya Uwanda wa Makonde, kutoka Chiwata hadi Ndanda, Masasi na Newala, huangukia pia katikati ya msimu wa korosho: wakati ambapo malori ni mengi, fedha ziko mikononi, mabibo yamekwisha kugeuzwa uraka na nipa, na mvua za kwanza zinalainisha vumbi lililokaa njiani kwa miezi mingi. Kwa hiyo, huo ndio mwezi ambao tunawaombea marehemu wetu, na ndio mwezi ambao tuko katika hatari kubwa ya kuongeza majina mengine katika orodha ya wale tunaowaombea.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walipoteza maisha barabarani katika mwaka 2021 peke yake. Ripoti hiyo inaonesha kwamba ajali za barabarani ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana wenye umri wa kuanzia miaka 5 hadi 29, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo ndani ya magari: ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Tukizitazama barabara zetu, tunawafahamu watu hao. Ni mwanafunzi anayetembea kando ya lami akiwa na daftari mkononi, ni mama aliyebeba ndoo kichwani, ni mzee anayesukuma baiskeli yenye madumu ya maji, ni kijana wa bodaboda na abiria wake wawili.

Barabara njema na hatari mpya

Kwa miaka mingi kilio cha watu wa kusini kilikuwa barabara. Leo safari kutoka Masasi kwenda Mtwara kupitia Chikundi, Ndanda, Nangoo na Mingoyo hufanyika juu ya lami. Upande wa uwandani, mradi wa kujenga kwa kiwango cha lami barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilometa 160, pamoja na daraja la Mwiti, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni jibu la kilio hicho. Tunamshukuru Mungu na wote waliohusika. Mama mjamzito atafika hospitali mapema, na mkulima atasafirisha korosho zake kwa gharama nafuu.

Hata hivyo, shukrani isitufumbe macho. Barabara mbovu ina ukatili wake, lakini humlazimisha dereva kwenda taratibu. Mashimo, mchanga na makorongo hufanya kazi ya askari asiyelala. Barabara ikishatengenezwa, askari huyo anaondoka, na kazi yake inabaki mikononi mwa dhamiri ya dereva. Kijiji ambacho gari lilipita kwa mwendo wa baiskeli sasa litapita kwa kasi ya upepo, ilhali mbuzi ni walewale, watoto ni walewale, na mazoea ya kuvuka barabara bila kutazama ni yaleyale. Lami hubadilika kwa mwaka mmoja au miwili. Mazoea ya watu huchukua kizazi kizima. Katika pengo hilo kati ya barabara mpya na mazoea ya zamani ndimo watu wanamopoteza maisha.

Hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuifanya

Wengi wetu huuona mwendo kama suala la ujasiri au woga. Tukiutazama kwa hesabu, tutauona kwa namna nyingine. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde. Likienda kilometa 80 kwa saa, hupita mita 22. Dereva makini, asiyelewa wala kushika simu, huhitaji kama sekunde moja kutoka anapoona hatari hadi mguu wake unapokanyaga breki. Katika sekunde hiyo gari halijapunguza chochote. Baada ya hapo breki huanza kazi. Kwa makadirio, kwenye lami kavu na gari lenye breki nzima, dereva wa kilometa 50 atasimama baada ya mita 28 hivi tangu alipoona hatari; dereva wa kilometa 80 atahitaji mita zipatazo 57. Mtoto akitokea mita 40 mbele, dereva wa kwanza atasimama kabla ya kumfikia, na wa pili atakuwa bado na kasi kubwa. Juu ya changarawe, mchanga au lami iliyolowa, umbali huo huongezeka sana.

Tena, nguvu ya mgongano haikui sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mgongano huongezeka mara nne. Kutoka kilometa 50 hadi 80, nguvu hiyo inakuwa zaidi ya mara mbili na nusu. Mwili wa binadamu, ambao Mungu ameuumba kwa hekima, haukuumbwa kupokea pigo la namna hiyo. Ndiyo maana sheria ya nchi yetu imeweka kikomo cha kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilometa 80 kwa saa kwa mabasi na malori yenye uzito unaozidi kilo 3,500, hata pale ambapo barabara imenyooka na hakuna mtu.

Je, dereva anayekaidi hupata nini? Tuchukue kijiji ambacho nyumba zake zimepanga barabarani kwa urefu wa kilometa mbili. Kwa kilometa 50 kwa saa atakivuka kwa dakika mbili na sekunde 24. Kwa kilometa 80 atakivuka kwa dakika moja na nusu. Ameokoa sekunde 54, muda ambao hautoshi hata kusali fungu moja la Rozari. Kwa sekunde hizo ameyaweka rehani maisha ya kijiji kizima.

Hatari za mahali petu

Kila eneo lina hatari zake, na mwenye busara huzisoma kama mkulima anavyosoma mawingu. Hapa kwetu tunaziona walau tano.

Ya kwanza ni miteremko. Anayetoka Newala kushuka kwenye ukingo wa uwanda, au anayetumia njia za kando zinazoshuka kuelekea bonde, hukutana na mteremko mrefu wenye kona. Dereva wa lori anayetegemea breki tupu huzipasha moto hadi zinapoteza nguvu kabla ya kufika chini. Wapo pia wanaotoa gia na kuliacha gari lijiendee ili kuokoa mafuta. Hapo injini haisaidii tena kulizuia gari, na akiba ya lita chache inaweza kulipwa kwa roho za watu. Kanuni ya wazee wa kazi hiyo ni rahisi: ushuke kwa gia ndogo, ileile ambayo ungeitumia kuupanda mlima huo.

Ya pili ni vumbi na mvua. Wakati wa kiangazi, gari lililotangulia huacha ukuta wa vumbi, na anayetaka kulipita huingia ndani ya ukuta huo bila kujua nani anakuja upande wa pili. Mvua za kwanza zinaponyesha, vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani hugeuka utelezi, na wengi huanguka siku hizo za mwanzo kwa sababu bado wanaendesha kana kwamba ni kiangazi.

Ya tatu ni kuona na kuonekana. Mikorosho, ambayo ndiyo riziki yetu, huning'iniza matawi yake hadi kwenye kona za njia na kuwaficha watu. Jua linapozama, giza huingia upesi. Mtu aliyevaa nguo nyeusi haonekani na dereva ila akiwa karibu mno. Lori lililoharibika huachwa barabarani bila taa, na alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa njiani. Likiondoka, matawi na mawe hubaki kuwa mtego kwa mwenye pikipiki anayefuata. Anayetembea kwa miguu na akae upande wa kulia wa barabara, akiyatazama magari yanayokuja, na usiku abebe tochi au avae kitambaa cheupe.

Ya nne ni pombe. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu mabibo hukomaa wakati uleule ambapo korosho huuzwa. Aliyekunywa uraka au nipa hajioni kuwa hawezi kuendesha. Pombe huanza kwa kuondoa uwezo wa kujipima, ndipo huondoa uwezo wa kushika usukani. Kwa hiyo haifai kumwuliza mlevi kama anaweza kuendesha. Wenzake ndio wenye wajibu wa kuchukua ufunguo.

Ya tano ni uchovu na wingi wa abiria. Gari dogo la mizigo linalowapeleka watu msibani, au kwenye sherehe ya jando na unyago, hujazwa hadi vijana wakae juu ya kingo za bodi. Furaha au huzuni ya siku hiyo huwafanya wote wasahau kwamba gari hilo lilitengenezwa kubeba magunia. Tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu kwa miaka mingi. Ruhusa hiyo inasaidia biashara, lakini inadai dereva wa pili na mapumziko ya kweli, kwa maana usingizi haujui kanuni za uchumi.

"Ajali haina kinga"

Katika misiba yetu mara nyingi husikika methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Hatutaki kuidharau. Wahenga waliitunga kwa nia njema: kumfariji aliyefiwa, asijitese kwa maswali yasiyo na majibu. Mama aliyempoteza mwanawe anastahili faraja hiyo. Tatizo huanza methali ya msibani inapohamishiwa nyuma ya usukani. Neno lililotungwa kumfariji anayelia linageuzwa kuwa kibali cha anayetaka kwenda mbio.

Tukichunguza ajali nyingi tunazozisikia, hatuoni pigo moja lililotoka angani. Tunaona mnyororo wenye pingu nyingi: tairi lililochakaa ambalo mmiliki aliambiwa alibadilishe, abiria aliyeona dereva amelewa akanyamaza, kona isiyo na alama, kofia ngumu iliyotundikwa kwenye usukani badala ya kuvaliwa kichwani. Pingu yoyote kati ya hizo ikikatwa, huenda msiba usingetokea. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Basi, kinga ipo. Si kamilifu, lakini ipo, na aliyeikataa asimsingizie Mwenyezi Mungu.

Nchi yetu imejifunza somo hili kwa machozi. Tarehe 12 Aprili 1984, taifa lilimpoteza Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro. Tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi 32 waliokuwa wakisafiri kwenda kufanya mtihani walifariki pamoja na walimu wao wawili na dereva wilayani Karatu. Tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa Morogoro baada ya lori la petroli kupinduka na wengine kukusanyika kuchota mafuta. Na hapa hapa mkoani kwetu Mtwara, Julai 2022, basi dogo lililobeba watoto wa shule lilipata ajali huko Mikindani, na wazazi wakazika watoto waliokuwa wamewaaga asubuhi. Hatuyataji haya ili kumhukumu yeyote. Tunayataja kwa sababu taifa likizoea kusema "siku yao ilifika", halitakuwa na sababu ya kuuliza kilichotokea, na lisipouliza halitarekebisha.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Baadhi ya waamini hudhani kwamba mambo ya barabarani ni ya askari wa usalama barabarani tu, na hayaingii katika kitubio. Sivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inapoeleza fadhila ya kiasi, inafundisha kwamba mtu anayehatarisha usalama wake au wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi kupita kiasi anabeba hatia nzito. Namba 2269 inakwenda mbali zaidi: sheria ya maadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kifo pasipo sababu nzito, na vilevile inakataza kukataa kumsaidia aliye hatarini. Asiyekusudia kuua anaweza bado kuwa na hatia, ikiwa bila sababu ya kutosha alitenda jambo lililoleta kifo. Hivyo basi, amri ya tano inamhusu mwenye upanga, na inamhusu pia mwenye usukani.

Mwaka 2007, Baraza la Kipapa la Shughuli za Kichungaji kwa Wahamiaji na Watu Wasio na Makazi Maalumu lilitoa mwongozo kuhusu utume wa barabarani, ambao ndani yake mna amri kumi za dereva. Kati ya mambo yanayosisitizwa humo ni kwamba barabara iwe chombo cha kuwaunganisha watu na si cha kuwaangamiza, kwamba gari lisiwe alama ya majivuno na ubabe, na kwamba aliye na nguvu amlinde aliye dhaifu. Fundisho hili la mwisho lingetosha kubadili sura ya barabara zetu: lori lilinde gari dogo, gari dogo lilinde pikipiki, pikipiki ilinde baiskeli, na wote wamlinde anayetembea kwa miguu.

Maandiko Matakatifu nayo yalikwisha kuiona mantiki hii kabla ya injini kubuniwa. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinazungumza kuhusu ng'ombe dume aliyempiga mtu pembe akafa. Ikiwa ng'ombe huyo hakuwa na tabia hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa mwenyewe alikwisha kuonywa naye hakumzuia, damu iko juu ya mwenye ng'ombe. Mmiliki wa gari au pikipiki aliyeambiwa kwamba breki hazishiki, naye akasema "imalizie wiki hii kwanza", na asome sura hiyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, kinamwagiza anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka paa lake, asije mtu akaanguka. Wanaojenga barabara, na wanaoidhinisha ujenzi huo, wana wajibu wa ukuta wao pia: alama, matuta, njia ya waenda kwa miguu, na kivuko mbele ya shule.

Vijana wa bodaboda, na sisi tunaowatuma

Ni rahisi kumaliza mjadala huu kwa kuwalaumu vijana wa bodaboda. Kuwalaumu tu si haki. Wengi wao ni watoto wetu, wamebatizwa katika parokia zetu, na wameingia katika kazi hiyo kwa sababu shamba la urithi limegawanyika na ajira hakuna. Kijana anayeendesha pikipiki ya mwingine hudaiwa hesabu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Hesabu isipotimia saa kumi na mbili, ataendesha hadi saa nne usiku; asipopata abiria mmoja mmoja, atapakia mishikaki. Mwendo wake unaanzia katika makubaliano yaliyofanywa sebuleni kwa mmiliki, na huenda mmiliki huyo anakaa benchi la mbele kanisani.

Nasi abiria tuna sehemu yetu. Tunamwambia kijana "kimbiza, nimechelewa". Tunawapandisha watoto watatu kwenye pikipiki moja kwenda shule kwa sababu nauli ni nafuu. Tunaikataa kofia ngumu ya abiria kwa kuwa inaharibu nywele. Kisha ajali ikitokea, tunasema vijana wa siku hizi hawana adabu.

Hapa mmiliki Mkristo ana nafasi ya kuonesha imani yake kwa matendo. Apunguze hesabu siku za mvua kubwa. Ahakikishe kijana ana leseni, na kwamba chombo kina kofia ngumu mbili na bima. Tukumbuke kwamba bima ya mtu wa tatu ni takwa la sheria, na maana yake kwa mtu maskini ni kubwa: chombo kisicho na bima kikimvunja mguu mkulima, hakuna atakayemfidia, na familia yake itauza shamba ili kulipia matibabu.

Tufanye nini parokiani?

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, suala hili linaweza kupangiwa jioni moja kabla ya msimu wa korosho kushika kasi. Waalikwe vijana wa kijiwe cha jirani, bila kujali dini zao, na ikiwezekana askari wa usalama barabarani. Chiwata na Masasi zimejengwa kiimani kwa mikono ya wamisionari wa Kianglikana, kama Ndanda ilivyojengwa na Wabenediktini tangu mwaka 1906, na Waislamu ni jirani na ndugu zetu wa damu. Barabara haimwulizi mtu dini yake. Ulinzi wa uhai ni uwanja ambao tunaweza kushirikiana sote.

Halmashauri ya Walei inapokodi gari la kupeleka kwaya, WAWATA, UWAKA, VIWAWA au watoto wa Utoto Mtakatifu kwenye tukio la jimbo, isitazame bei peke yake. Itazame matairi, taa, breki, leseni ya dereva, na idadi ya viti. Safari ianze mapema ili mtu asilazimike kukimbiza. Achaguliwe mtu mzima mmoja mwenye mamlaka ya kumwambia dereva apunguze mwendo, na wengine wote wamwunge mkono. Sala ya kumwomba Mtakatifu Kristofa kabla ya kuondoka ni njema sana. Sala hiyo ifuatane na ukaguzi wa matairi.

Katika mikutano ya kijiji, waamini wawe sauti ya wasio na sauti. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, na zile za wilaya zinasimamiwa na TARURA. Uongozi wa kijiji unaweza kuandika barua ya kuomba matuta mbele ya shule, alama kwenye kona, au kukatwa kwa matawi yanayoziba macho ya madereva. Ombi lililowekwa kwa maandishi, likiwa na mahali na sababu, hufuatiliwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya kijiweni.

Ajali ikitokea, tuige mfano wa Msamaria mwema, ambaye naye alimkuta mtu njiani. Kwanza yasimamishwe magari mengine, asije mwokoaji akawa majeruhi wa pili. Lori la mafuta likipinduka, watu wote wakae mbali. Majeruhi asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono na miguu, maana uti wa mgongo ulioumia unaweza kukatika. Abebwe akiwa amenyooka juu ya ubao au mlango, na watu kadhaa wakishirikiana. Damu ikitoka, ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Ndugu mmoja aende polisi kufuata fomu ya PF3, huku wengine wakimwahisha mgonjwa hospitali iliyo karibu, iwe Mtakatifu Benedikto Ndanda, Mkomaindo au Newala. Na mali ya majeruhi ni amana. Anayempekua mifukoni mtu aliyelala kwenye damu yake amejiunga na wale wanyang'anyi wa njia ya Yeriko.

Mwisho, wapo kati yetu waliokwisha kuguswa: wajane, yatima, na wale waliobaki na ulemavu. Wapo pia madereva waliosababisha kifo, ambao hulala na kuamka na picha hiyo. Wote hao wanahitaji jumuiya. Kuwatembelea, kuwalimia shamba msimu mmoja, kumsindikiza dereva huyo kwenye kitubio na kwenye mapatano na familia iliyofiwa, ni matendo ya huruma yenye thamani mbele ya Mungu.

Tunawaalika basi waamini wote, katika Misa ya Jumapili ya tatu ya Novemba, wawataje kwa majina marehemu wa barabarani wa kila kigango, na kuwaombea raha ya milele. Na baada ya Misa, kila mwenye chombo cha moto nje ya kanisa, kabla ya kukiwasha, azitazame breki zake, avae kofia yake au afunge mkanda wake, na amkabidhi abiria wake kofia ya pili.